Kozi ya kubuni gemu kwa vitendo: mtihani ni alama 60, kompyuta zinahesabika. Mnaifundishaje?

Mwl_Sahare (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Wa Tanga wenzangu na wa nje ya Tanga, naombeni mawazo.

Nafundisha chuo kimoja hapa mjini, idara ya TEHAMA, mwaka wa tatu. Semista hii nimekabidhiwa kozi ya kubuni gemu, iliyokuwa ya mwenzetu aliyehamia Dodoma. Kaniachia silaidi zake na nimezisoma zote: historia ya gemu, aina za gemu, injini za gemu, hakimiliki. Hakuna hata sehemu moja mwanafunzi anapoambiwa akae atengeneze kitu, mtu mwingine akicheze.

Nikaanza kwa kuwapa kazi: leteni gemu ndogo, yoyote ile. Zikaja. Karibu zote ni kijana anaruka juu ya matofali anaokota sarafu, maana wote walifuata video ileile mpaka rangi ya mawingu. Nikamuuliza binti mmoja, kwa nini sarafu? Akajibu, "Mwalimu, si ndivyo gemu zilivyo?" Na huyo kwenye hisabati anaongoza darasa zima. Ukimwambia aondoe sarafu aweke kitu kingine, anabaki kukutazama.

Maabara yetu msiniulize. Umeme ukikatika, kipindi ndiyo kimekwisha. Wenye laptopu zao ni wachache, na nyingi ni za mtumba. Ukifungua programu kubwa zinaunguruma mpaka unazionea huruma.

Halafu alama: kazi za semista 40, mtihani wa mwisho wa kuandika 60, saa tatu, ukumbini, karatasi na kalamu. Mtaala umeshapitishwa, mwaka huu siugusi.

Kwa hiyo nataka kusikia kwa mtu aliyewahi kufanya, si aliyesoma. Vitendo nianzie wapi bila kompyuta? Na mtihani wa kuandika nitautungaje ili wasirudi kukariri silaidi? Ushauri wa "nunueni kompyuta mpya" naushukuru, lakini uacheni kwanza.

---

chuma_cha_pua

Mkuu, kwa heshima zote, Tanga hii nani ataajiri mbunifu wa gemu? Wafundishe mifumo ya mauzo ya maduka na tovuti, wapate pa kushika. Bandari inapanuka, makampuni ya mizigo yanataka vijana wa mifumo. Gemu waachie Wajapani.

---

BiKete_Chumbageni

Mwalimu wa Sahare, karibu kwenye msiba huu, nami nimo. Kozi ya namna hii nimeifundisha miaka kadhaa, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa hesabu sekondari, kwa hiyo yangu ni maneno ya chaki zaidi kuliko ya kompyuta.

Kipindi cha kwanza usiwapeleke maabara. Watoe nje, uwanjani, wacheze rede.

Ndiyo, rede. Wasichana wataicheka kidogo, wavulana watajidai hawaijui, baada ya dakika kumi wote wanatoka jasho. Mnaijua: wawili wanasimama huku na huku na mpira wa soksi, wa katikati ana chupa, anajaza mchanga huku anakwepa. Chupa ikijaa hajapigwa, kashinda. Kila mtaa una sheria zake za ziada, hizo ziache kwanza.

Sasa angalia kilichomo humo. Ukiinama kujaza, macho yameuacha mpira. Ukiutazama mpira, chupa haijai. Gemu yote ni huo mvutano. Wakishacheza raundi kadhaa, wanyang'anye chupa ya soda uwape kopo la maziwa ya unga, lenye mdomo mpana. Mchotaji anachota mara mbili tatu, limejaa, kashinda kabla mpira haujafika mara tatu. Warushaji wananuna, gemu imekufa. Mrudishie chupa, lakini safari hii ile ndogo ya dawa ya kikohozi, yenye shingo nyembamba. Huyo wa katikati akijaribu mara moja, mchanga unamwagikia pembeni, anaitupa chupa na kuanza kukwepa tu. Imekuwa gemu nyingine kabisa, na kuna atakayeipenda hiyo zaidi.

Hapo ndipo ninapowakalisha chini, nawauliza: mpira ni uleule, watu ni walewale, uwanja ni uleule. Nimebadilisha nini? Mdomo wa chupa. Na nyinyi mmebadilika vipi? Waandike hapohapo, kabla jasho halijakauka.

Baada ya hapo ukiwaletea nadharia inawaingia. Mwaka 2004 wataalamu wa gemu Hunicke, LeBlanc na Zubek waliandika kwamba mbunifu anashika kitu kimoja tu, sheria na vifaa. Sheria hizo watu wakizicheza huzaa mwenendo, na mwenendo ndio unaozaa hisia kwa mchezaji. Mchezaji anakuja kutoka upande wa pili: anaanza na hisia, sheria anazijua baadaye. Silaidi moja inatosha, kwa sababu mfano wameshaukimbia kwa miguu yao.

Wiki inayofuata walete bao. Kwa Tanga bao halikosekani, na wazee wa kuwafundisha wamejaa barazani. Wacheze kwanza bao la kujifunza, mashimo yote 32, kila shimo kete mbili, unaanza moja kwa moja. Wakishalizoea, wape bao lenyewe: kete 64 zilezile, lakini kila mtu anaanza na kumi tu ubaoni, sita zikiwa kwenye nyumba, lile shimo la pekee, na 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni, moja moja. Halafu swali: wazee waliotutengenezea bao la kujifunza walipunguza nini, na kwa nini hicho na si kingine? Waliondoa kunamua, wakaondoa ile nyumba ya kete sita na maamuzi yake yote ya kulala (kusimama hapo) au kusafiri (kuendelea kusambaza kete zake). Wakabakiza kula na kutakata, yaani kusambaza kete bila kula. Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya gemu yoyote nzuri ya simu leo: mchezaji anapewa kitendo kimoja, akishakizoea anaongezewa. Sisi tulikuwa nayo barazani tunaiona ya watoto.

Dadu nazo usiziruke, ila usikae nazo sana. Kundi moja liliwahi kutengeneza mashindano ya madau kutoka Raskazone kwenda kisiwa cha Toten. Nyumba za kuhesabu zimechorwa vizuri, dadu mbili, na mwamba wa kuzamisha dau umewekwa nyumba ya saba tangu mwanzo. Watu wakawa wanazama mtupo wa kwanza, wanakasirika, wanasema dadu zina mkosi. Dadu mbili zina njia 36 za kuanguka, na saba peke yake ina njia sita. Mmoja kati ya kila sita anazama kabla hajaonja maji. Wakausogeza mwamba nyumba ya pili, ambayo ina njia moja tu katika 36, ukawa wa kusimuliwa, "fulani alizama pale pale ufukweni!" Huyo binti wako wa hisabati mpe kazi hii. Mtu kama yeye akishaona hesabu ndiyo inayowafanya watu wapige kelele, sarafu ataziacha mwenyewe.

Sasa la muhimu kuliko yote. Gemu za karatasi zikishakuwa tayari, zisichezwe na wanafunzi wenzao. Wenzao watawastahi. Mimi nawapeleka Ngamiani, kwenye baraza za kahawa na vijiwe vya bodaboda. Sharti ni moja: mbunifu haongei. Anaweka ubao, anaweka karatasi ya sheria, anakaa pembeni na daftari. Mchezaji akikwama, anakwama. Wanaandika amesita wapi, amecheka wapi, amechukua simu yake wapi. Hapo kwenye kuchukua simu ndipo gemu ilipofia.

Kuna kijana mmoja alimtazama mzee anazisoma sheria zake, anageuza karatasi, anaigeuza tena, halafu akaiweka chini ya kikombe cha kahawa na kuanza kucheza anavyojua yeye. Kijana alikuwa anataka kulia. Nikamwambia, andika anavyocheza. Aliporudi chuoni alikuwa na sheria tatu za yule mzee, na mbili zilikuwa bora kuliko zake.

Kompyuta ije mwisho, semista ikiwa imevuka nusu, na kwa makundi ambayo gemu yao ya karatasi imeshachezeka. Tumieni Godot, programu ya kutengenezea gemu. Ni ya bure, leseni yake ni ya MIT, inayoruhusu mtu kuitumia na kuibadilisha apendavyo, imekuwa wazi tangu 2014, na faili lake ni dogo, unalipitisha kwa fleshi darasa zima bila kugusa bando la mtu. Inafunguka hata kwenye simu ya Android, ingawa kwa kioo kidogo ni mateso. Kwenye mashine za zamani chagueni ile namna nyepesi ya kuchora picha. Mnakumbuka Septemba 2023 Unity, wenye programu nyingine kama hiyo, walipotangaza tozo kwa kila gemu inayosakinishwa, mpaka wakaifuta mwaka uliofuata? Mwanafunzi asiye na kitu asijengewe nyumba kwenye kiwanja cha kupanga.

Na wewe chuma_cha_pua, mdogo wangu, sikupingi. Wengi wa wanafunzi wangu wako kwenye mifumo ya malipo na ya mizigo hiyohiyo unayoitaja. Lakini niambie, ni wapi pengine chuoni alipofundishwa kumtazama mtu akihangaika na kitu alichokitengeneza, huku yeye amefunga mdomo?

---

mkata_singa

Naunga mkono, na natoa ushahidi. Mimi nilipita kozi kama hii (sisemi chuo gani, msije mkanitafuta).

Kundi letu tulichagua mkonge. Tulitaka kumsimulia Hindorf, yule Mjerumani aliyeagiza miche 1,000 kutoka Florida mwaka 1893, ikafika 62 tu hai, na hiyo 62 ndiyo ikazaa mashamba yote haya unayoyaona ukienda Korogwe. Tukatengeneza kadi za maswali. Mkonge uliletwa mwaka gani? Miche mingapi ilipona? Ukipata, songa mbele. Tukapeleka kijiweni. Bodaboda wakacheza dakika tano wakatuambia, "Huu si mtihani huu?" Wakawasha pikipiki.

Mwalimu hakutuambia tufanye nini. Aliuliza tu: katika habari ya mkonge, nani alikuwa na uamuzi wa kufanya kila siku?

Tukakaa. Mmoja wetu babu yake alikuwa manamba, alikuja kufanya kazi shambani akabaki Muheza mpaka leo. Tukatoka kwenye maswali tukaingia kwenye kipande, ile kadi ya siku za kazi ya manamba. Kila mchezaji ana kadi yenye vyumba 30, kila chumba siku moja ya kazi. Unatupa dadu, unakata majani, ukitimiza kazi ya siku unapigiwa alama. Ukiumwa, siku haihesabiki. Ukikopa dukani unakula leo, unalipa kipande kikijaa. Ilichezeka, lakini ilikuwa baridi.

Tukampelekea huyo babu. Hakusoma sheria. Alishika kadi, akazigeuza, akasema, "Mnyapara yuko wapi?"

Tukamweka mnyapara. Kila raundi mchezaji mmoja anakuwa mnyapara, yeye ndiye anayeamua kazi ya nani imetimia na ya nani haijatimia, na hatakiwi kutoa sababu. Wakuu, meza ilibadilika hapohapo. Watu walianza kubembeleza. Walianza kuahidiana. Mmoja alimnyima mwenzake siku mbili mfululizo, na zamu ilipogeuka alilipwa vilevile mpaka mchezo ukaisha na kipande chake nusu. Tulikuwa hatujaandika neno moja la historia kwenye zile kadi, lakini walipomaliza ndio walianza kumuuliza babu maswali, na alikaa akawajibu mpaka magharibi.

Programu yake hatukuimaliza. Kuandika mnyapara wa kompyuta anayeonea watu kwa namna inayouma kama ya mtu, hilo lilitushinda, na sidhani kama lina haja. Ipo ya karatasi, inachezeka.

---

Mwl_Sahare

Nimesoma mara mbili. Rede wiki hii, chupa za dawa ya kikohozi nimeshaanza kuomba kwa majirani.

Bi Kete, bado hujanijibu la mtihani. Hizo 60 ndizo zinazonikosesha usingizi. Na hizo 40, mwenye gemu nzuri na mwenye gemu mbaya utawapaje? Maana kuna kundi litabuni kitu kikafa kijiweni, lakini wamehangaika kweli.

---

mdau_wa_Dunda

Nadandia uzi kutoka Bagamoyo. Kama mnaweza, msifungie kozi ndani ya idara ya kompyuta. Sisi huku tuna TaSUBa, chuo cha sanaa, jirani, ukimpata mwanafunzi wa ngoma au wa uchoraji akaingia kwenye kundi, mazungumzo yanabadilika kabisa. Watu wa TEHAMA wakiachwa peke yao sauti wanaiweka siku ya mwisho, tena ya kupakua. Mpiga ngoma ataanza kukuuliza mwendo wa gemu ni wa haraka au wa taratibu kabla hata hujachora kitu. Hapo Tanga tafuteni wapiga taarabu, hawakosekani.

Pia kuna Global Game Jam kila Januari, ilianza 2009, watu wanatengeneza gemu ndani ya siku chache duniani kote na kituo mnaweza kusajili wenyewe. Gemu za karatasi nazo zinakubalika. Ila angalieni kalenda yenu, isije ikaangukia kwenye mitihani, mkapata watu wenye sapu na gemu moja.

---

BiKete_Chumbageni

Mwalimu, nilijua utarudi na la alama. Kila mwalimu hurudi nalo.

Zile 40 usiigawie gemu. Igawie daftari. Mimi kila kundi lina daftari moja la kaunta, na kila badiliko linaandikwa kwa mtindo mmoja: tuliona nini, tulibadilisha nini, tulitegemea nini, ikatokea nini. Kundi la rasimu tatu zilizokufa na daftari linaloeleza kwa nini kila moja ilikufa, linapata zaidi ya kundi lililoleta kitu kinachong'aa wasichoweza kukielezea. Hilo linaua na kunakili, kwa sababu video ya mtandaoni haina daftari. Ukimwona mtu amejaza daftari lote kwa kalamu moja na mwandiko mmoja usiotetereka, mwite umuulize ukurasa wowote. Utajua.

Na mtihani, karatasi na kalamu ni rafiki yako, wewe hujaiona tu. Saa tatu ni nyingi. Mwaka mmoja niliwawekea mezani bahasha: vizibo kumi na viwili, dadu moja, na karatasi ya sheria za gemu fupi ya watu wawili niliyoivunja makusudi. Nilikuwa nimeweka sheria kwamba anayeongoza anatupa dadu mara mbili. Swali la kwanza: cheza pande zote mbili peke yako, eleza gemu hii inaharibikia wapi. Swali la pili: irekebishe kwa kubadilisha sheria moja tu, uonyeshe kwa hesabu au kwa michezo uliyoirekodi kwamba imepona. Swali la tatu: iandike upya karatasi ya sheria kwa mtu ambaye hatapata nafasi ya kukuuliza.

Hakuna silaidi ya kukariri hapo. Wapo waliogundua kwamba anayetangulia kidogo anazidi kutangulia, wakampa dadu ya ziada aliye nyuma. Ikawa anayeongoza anajichelewesha makusudi ili awe nyuma, wakaliandika na hilo. Nilimpa mmoja alama karibu zote ingawa hakuirekebisha mpaka mwisho.

Msimamizi wa ukumbi atakusumbua kidogo, mwambie mapema kwamba kutakuwa na dadu. Mimi yalinikuta: waliingia ofisini kwa mkuu wa mitihani kuripoti kwamba kuna kamari. Andika juu ya karatasi ya mtihani, kwa herufi kubwa, "VIFAA VINAVYORUHUSIWA: DADU 1, VIZIBO 12." Na sahihi ya mkuu wa idara ipate siku nyingi kabla.

Mdau wa Dunda, la wapiga ngoma nimelichukua.

---

Mwl_Sahare

Swali la bahasha nalichukua lilivyo, nikibadilisha gemu tu. Vizibo kumi na viwili mara wanafunzi themanini na kitu… kuna mwenye duka la vinywaji humu, maeneo ya Makorora au Mabawa, aniwekee vya wiki nzima? Nitakuja kuvichukua mwenyewe kwa baiskeli. Visiwe vilivyopinda sana.

---

chuma_cha_pua

Mabawa, karibu na soko. Njoo Jumamosi jioni. Na mimi nataka kuiona hiyo ya mnyapara.